Chupa sita za waini nyekundu nzito za Amerika Kusini, na zile ninazozirudia

Nianze na chupa ya mwisho maana hiyo ndo iliyonifanya nikae chini niandike haya yote. Ilikua Tannat ya Uruguay, tumeifungua saa moja jioni, nikapiga funda moja tu ulimi ukakauka kabisa, yaani fizi zimekamatwa kama umetafuna ndizi mbichi, dada yangu akaisukuma glasi pembeni akasema hii mimi siinywi. Tukaiacha mezani tukaendelea na mengine. Saa tatu na nusu nikairudia, na nawaambia ukweli ile waini haikua ile ya saa moja, ukakasi umelainika umekua kama velveti, harufu imefunguka, plamu nyeusi, tumbaku kavu, kitu kama ngozi ya begi jipya, na dada mwenyewe akarudi akajimiminia bila kusemeshwa. Mpaka usiku wa manane chupa ilikua tupu.

Basi hii ni ripoti ya chupa sita tulizoonja kwa wikiendi tatu, mimi, dada yangu, na rafiki yetu mmoja ambaye kwa miaka mingi kazi yake ilikua kuhudumia waini mezani, kwahiyo anajua anachokisema. Malbec mbili za Mendoza kule Argentina, Carmenère mbili na Cabernet Sauvignon moja za Chile, halafu hiyo Tannat, yote hayo ni majina ya aina za zabibu. Kila chupa tuliizungushia gazeti ili lebo isituongoze, na kila mtu aliandika vyake kwenye karatasi kabla ya kuongea, hilo rafiki yetu alilisimamia kwa ukali sana maana mtu akishasema kwa sauti "nasikia vanila" wote mnaanza kusikia vanila. Chupa mbili hazikunipendeza na hizo sitazitaja majina, zingine nne nazitaja.

Kwanza tuelewane kwenye hili neno nzito, maana watu wengi wanachanganya. Waini nzito sio lazima iwe ndo ile inayolewesha kuliko zote na wala sio tamu. Kunywa funda la maji, halafu maziwa yaliyotolewa mafuta, halafu maziwa yenye mafuta yake yote, ile tofauti unayoisikia katikati ya ulimi, namna kitu kinavyojaza mdomo na kuchelewa kuondoka, huo ndo uzito tunaouongelea. Unatokana na mambo kadhaa kwa pamoja: kilevi, ambacho kwenye waini hizi mara nyingi ni asilimia 13.5 mpaka 15, tanini, yaani vile vitu vya ukakasi vinavyokausha mdomo, ambazo zinatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu na kwenye mbao za pipa, na vile vitu vingine vyote vya rangi na ladha vilivyokamuliwa kutoka kwenye ganda. Sukari haimo, au imo kidogo sana, kwa sababu karibu yote imeshageuzwa kua kilevi na hamira. Unachokiita utamu kwenye Malbec ni harufu ya tunda lililoiva inadanganya pua, ziba pua unywe utaona.

Sasa mimi ninachokiangalia kuliko uzito wenyewe ni kitu kinachoubeba. Kwenye nchi yenye jua kali uzito ni rahisi kupatikana, unaacha zabibu zikae mtini mpaka zinaanza kusinyaa, sukari inapanda, kilevi kinapanda, unaweka kwenye pipa jipya la mwaloni, tayari una waini nzito. Ila ukiinywa glasi ya pili unachoka, ni kama jemu. Waini nzito nzuri ina uchachu ndani yake, mate yanatoka pembeni ya ulimi ukishameza, na ndo maana mkono unarudi kwenye glasi wenyewe. Chupa zangu nne zote zilizofaulu zilikua na huo uchachu, na zile mbili zilizofeli, moja haikua nao kabisa na nyingine ilikua nao wa aina mbaya.

Malbec, hapa niko tayari kukaa muda mrefu maana naipenda hii zabibu kwa moyo wote. Asili yake ni kusini magharibi mwa Ufaransa, kule Cahors wanaiita Côt mpaka leo, na kule Bordeaux ilikuepo kwa wingi mpaka ile baridi kali ya 1956 ilipoua mizabibu mingi na wengi hawakuipanda tena. Ila Argentina ilikua imeshafika zamani, mtaalamu wa kilimo Mfaransa, Michel Aimé Pouget, aliipeleka Mendoza mwaka 1853, na ndo maana tarehe 17 Aprili inasherehekewa kila mwaka kama siku ya Malbec duniani. Ilipofika huko ni kama imekuta nyumbani kwake. Mendoza ni jangwa kabisa, mvua ya mwaka mzima ni milimita 200 hivi, mizabibu inakunywa maji ya theluji inayoyeyuka kwenye Milima ya Andes na kuletwa kwa mifereji, hewa ni kavu kwahiyo ukungu na magonjwa ni machache, adui mkubwa ni mvua ya mawe, utaona mashamba yamefunikwa nyavu safu kwa safu.

Na kikubwa zaidi ni urefu kutoka usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 100 joto linashuka zaidi ya nusu digrii, jua linakua kali zaidi kwa miale yake lakini usiku ni baridi, sasa zabibu ikichomwa na jua mchana inajikinga kwa kuongeza unene na rangi ya ganda, na usiku baridi inautunza uchachu usipotee. Yaani unapata vyote viwili kwa mpigo, ganda nene la kutoa uzito na uchachu wa kuubeba. Luján de Cuyo, lile eneo la mizabibu ya kizee karibu na mji wa Mendoza, iko kama mita 900 hadi 1,100, na Valle de Uco inaanza humo humo inapanda mpaka 1,500 na zaidi. Mwaka 1992 Nicolás Catena Zapata, mwenye nyumba ya waini ya Catena, alipanda shamba la Adrianna kule Gualtallary karibu kabisa na mita 1,500, wakati watu wanamwambia zabibu haziwezi kuiva kwa baridi ya juu namna ile, zikaiva, na leo kila mzalishaji anataka kipande cha ardhi huko juu. Na bado huo sio mwisho, kaskazini kule Salta, kwenye mabonde ya Calchaquí, kuna mizabibu imepita mita 3,000.

Chupa tuliyoonja ni Catena Malbec, ile ya kawaida tu ya nyumba hiyo, inachanganya zabibu za mashamba kadhaa yaliyo kwenye urefu tofauti. Rangi ni zambarau iliyokolea, ukiinamisha glasi pembeni unaona mstari wa pinki unaong'aa ambao ni alama ya Malbec changa. Puani plamu nyeusi na blakiberi, halafu maua, ile harufu ya vayoleti ambayo mimi nilikua naisoma tu nikidhani watu wanaitunga, safari hii nimeinusa mwenyewe na nimeandika kwenye karatasi kabla hajasema mtu. Mdomoni imejaa, tanini laini zimesambaa vizuri, pipa linasikika kwa mbali kama kakao, na mwisho inaacha mdomo safi. Rafiki yetu alihesabu kwa saa baada ya kumeza, ladha ilikaa sekunde 25 hivi kabla haijafifia. Hii ndo chupa ya kumpa mtu ambaye hajawahi kunywa waini nzito, haimtishi, na mzoefu pia haimboi.

Malbec ya pili ndo mojawapo ya zile mbili zilizofeli. Chupa yenyewe nzito ukiishika tupu bado unadhani imo waini, lebo ya dhahabu, shimo la chini unaingia mkono karibu wote. Ndani ilikua mwaloni mtupu, vanila, nazi, mkaa, kahawa iliyoungua, na tunda likiwa nyuma huko limechoka. Kilevi kimeandikwa 15 na kinasikika, kooni kunachoma. Glasi ya kwanza dada aliipenda sana, niwe mkweli, alisema hii ndo tamu kuliko zote, glasi ya pili akaiacha nusu. Uzito wa chupa ni kioo tu jamani, hauna uhusiano wowote na kilichomo ndani na unaulipia wewe.

Tuhamie Chile, upande wa pili wa milima. Hadithi ya Carmenère kila mpenzi wa waini anapaswa kuijua maana inakusaidia hata kuichagua. Ni zabibu ya zamani ya Bordeaux, ikapelekwa Chile katikati ya karne ya 19, na baada ya hapo kale kadudu ka filoksera kanakokula mizizi kakaingia Ufaransa kakateketeza mashamba, na Carmenère kwa kua ilikua ngumu kuilima haikupandwa tena kwa wingi, watu wakaihesabu kama imepotea. Kumbe iko Chile, imekaa zaidi ya miaka mia moja imechanganyika shambani na zabibu nyingine, Merlot, na inauzwa kwa jina la Merlot. Mpaka Novemba 1994 mtaalamu wa mizabibu wa Kifaransa, Jean-Michel Boursiquot, akiwa kwenye shamba la Viña Carmen bonde la Maipo, akaangalia maua na majani akasema hii sio Merlot hii ni Carmenère. Chile yenyewe filoksera haijawahi kuikalia, imezungukwa na jangwa la Atacama kaskazini, Andes mashariki, bahari magharibi na barafu kusini.

Kwanini hadithi hii ni muhimu kwa mnunuzi? Kwa sababu Carmenère inaiva wiki kadhaa baada ya Merlot. Walipokua wanaivuna pamoja na Merlot ilikua bado mbichi, na Carmenère mbichi ina harufu kali ya pilipili hoho ya kijani, inayotokana na kemikali zinazoitwa pirazini ambazo zinapungua kadri tunda linavyopata jua na kuiva. Hata leo mzalishaji mwenye haraka, au aliyeipanda sehemu ya baridi kupita kiasi, atakupa pilipili hoho. Carmenère yetu ya kwanza ndo ilikua hivyo, ya pili kwenye orodha yangu ya zilizofeli, unafungua unanusa majani yaliyokatwa na maganda ya maharage mabichi, mdomoni nyembamba na chungu chungu mwishoni, uchachu upo lakini ni ule wa tunda ambalo halijaiva, unakata. Tuliiacha usiku kucha ikaamka vile vile.

Ya pili ilikua Terrunyo ya Concha y Toro, Carmenère ya Peumo kwenye bonde la Cachapoal. Peumo udongo wake ni mzito una mfinyanzi, unashika maji kwahiyo mzabibu unaweza kusubiri mpaka mwisho wa msimu bila kuchoka, na Carmenère inavyohitaji kusubiri hilo ndo lenyewe. Hapa ule ukijani haujaondoka wote, na mimi nasema usiondoke wote, umebaki kama jani la mnanaa na pilipili manga juu ya beri nyeusi zilizoiva sana, chokoleti nyeusi, moshi kidogo. Tanini zake ni laini kuliko za zote sita, inateleza, uzito wake ni wa kulalia ulimi zaidi kuliko kuukamata. Mtu anayekimbia ukakasi lakini anataka waini iliyojaa mdomo, mpe hii. Rafiki yetu aliiweka namba moja, na alivyoitetea nilikaribia kubadilisha karatasi yangu.

Cabernet sitaielezea sana maana kila mtu anaijua. Tulichukua Antiguas Reservas ya Cousiño-Macul, nyumba iliyoanzishwa 1856 huko Maipo karibu na Santiago na bado iko mikononi mwa familia ile ile. Cabernet ya Maipo ina kitu chake, harufu ya blakikaranti, na juu yake upepo wa mnanaa na mikaratusi, ukishakinusa mara moja hukisahau, na kuna mashamba kule kweli yamepakana na mikaratusi. Imesimama wima, tanini za kushika ila za mpangilio, na kati ya zote sita hii ndo ya kuweka ndani miaka mingine mitano bila wasiwasi. Ila siku ile ilikua bado imejikaza, nilihisi tumeifungua mapema, na sina haki ya kuipa alama ya chini kwa haraka yetu sisi.

Kwa anayedhani waini za Chile ni za kumwaga tu, zipo kumbukumbu: Januari 2004 kule Berlin ilifanyika maonjo ya kufumba lebo, waini kubwa kubwa za Bordeaux na Italia zikiwa mezani, na za kwanza na za pili zikatoka Chile, Viñedo Chadwick ya 2000 na Seña ya 2001. Hizo ni za Cabernet, na Viñedo Chadwick ni ya huko huko Maipo, Puente Alto.

Sasa turudi kwa Tannat. Hii ilifika Uruguay miaka ya 1870 na Pascual Harriague, mhamiaji wa Kibaski, akaipanda Salto, na kwa muda mrefu watu wa huko waliiita Harriague kwa jina lake. Kwao Ufaransa iko Madiran, na ina tanini nyingi kiasi kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wa Madiran walibuni njia ya kupitisha vipovu vidogo vidogo vya oksijeni kwenye tangi ili kuilainisha. Uruguay haina Andes, haina jangwa, ni vilima vya chini, mvua ipo na upepo wa bahari upo, kwahiyo zabibu haziungui na waini zake mara nyingi zina uchachu na ubaridi ambao huwezi kuutegemea kwenye zabibu kali namna hii. Mashamba mengi yako Canelones karibu na Montevideo. Ya kwetu ilikua Tannat Reserva ya Bodega Garzón, hii iko Maldonado mashariki zaidi, kilomita 18 hivi kutoka Atlantiki, mizabibu imesimama juu ya mwamba wa itale uliovunjika vunjika, na waini inachachushwa kwenye matangi ya zege.

Nimeshasema ilivyokua saa moja jioni na ilivyokua saa tatu na nusu. Nilichojifunza, na hili nimelijaribu tena baadaye kwa chupa nyingine, ni kwamba Tannat usiihukumu kwenye funda la kwanza. Tanini zinakamata protini za mate yako, ndo maana mdomo unakauka, ni jambo la kawaida kabisa sio waini mbovu. Imimine kwenye jagi la kioo lenye tumbo pana masaa mawili kabla, na iambatane na kitu chenye mafuta na protini, kule kwao wanaiweka mezani na asado, nyama ya kuchoma kwa moto wa kuni taratibu, na sababu sio mila tu, tanini zinashikana na nyama badala ya kushikana na mate yako. Baada ya kupumua ile waini ilikua na kina ambacho hakuna nyingine ilikua nacho, kila ukirudi kuna kitu kipya, mara beri nyeusi, mara mwerezi, mara chumvi chumvi fulani hivi mwishoni ambayo mimi nailaumu bahari, kwa mapenzi. Sekunde 40 ladha bado iko mdomoni. Niliiandika namba moja na Malbec namba mbili.

Kuhusu kuonja kwenyewe, mambo yaliyoleta tofauti kubwa kwetu. Joto la waini ndo la kwanza na wengi tunakosea hapo, tunasema waini nyekundu inywewe kwa joto la chumba, lakini chumba chenye digrii 27 sio kile kilichokusudiwa, kilevi cha asilimia 14 kikipata joto kinapanda puani kinafunika kila kitu. Digrii 16 mpaka 18 ndo pake. Weka kwenye friji dakika 20 au 30 kabla ya kumimina, mwanzoni niliona kama nainajisi, lakini Malbec ile ile kwa digrii 17 ilikua na maua na kwa digrii 25 ilikua spiriti na jemu, tulijaribu kwa makusudi glasi mbili pembeni kwa pembeni.

Glasi iwe yenye tumbo na mdomo uliojikusanya, mimina theluthi tu, zungusha, nusa kabla hujanywa. Funda la kwanza usilihesabu, hilo ni la kusafisha mdomo. La pili liviringishe mdomoni kama unalitafuna, litembeze mpaka kwenye fizi maana tanini zinasikika kwenye fizi na sio kwenye ncha ya ulimi, vuta hewa kidogo kupitia midomo, meza au tema, halafu nyamaza uhesabu. Yale machozi yanayoteremka kwenye ukuta wa glasi yanakuambia kuna kilevi cha kutosha, hayakuambii waini ni nzuri. Na ukinusa boksi lililolowa maji na tunda halipo kabisa, hiyo ni kasoro ya kizibo, hata ukiacha wiki haitapona, rudisha. Mashapo meusi chini ya chupa hayana shida, simamisha chupa mapema, mimina taratibu, acha kidogo la mwisho.

Kwenye kuchagua, mimi sasa naanza na lebo ya nyuma. Natafuta jina la sehemu ndogo kuliko nchi. "Chile" peke yake, au bonde kubwa lile la Valle Central, inamaanisha zabibu zinaweza kua zimetoka popote kwenye eneo kubwa mno, lakini Peumo, Apalta, Puente Alto, Gualtallary, Altamira, Agrelo, Cafayate, huyo mtu anakuambia shamba liko wapi na yuko tayari kuulizwa. Argentina wengi wanaandika mpaka mita za urefu, zichukulie kwa uzito, kuanzia mita 1,000 kwenda juu tegemea uchachu zaidi na maua zaidi, chini ya hapo tegemea ulaini na plamu, na zote zina mahali pake.

Neno Reserva lisikupumbaze bila kujua limetoka nchi gani. Argentina sheria inataka waini nyekundu ya Reserva ikomazwe angalau miezi 12 na Gran Reserva miezi 24. Chile neno hilo hilo linaangalia zaidi kiwango cha kilevi, kwahiyo Reserva mbili mezani zinaweza kua vitu viwili tofauti kabisa. Angalia kilevi: kama umeizoea nyepesi anza na 13.5, ikifika 15 jiulize kwanza una chakula gani. Angalia mwaka pia, na ukumbuke huko wanavuna kati ya Februari na mwanzoni mwa Mei, kwahiyo waini ya mwaka fulani imeitangulia ya Ulaya ya mwaka huo huo kwa miezi sita. Mendoza 2016 ilikua baridi na mvua nyingi isivyo kawaida kwao, waini zake zikatoka nyembamba kidogo zenye uchachu mkali, mimi nazipenda, anayetaka nzito ya kujaza mdomo atafute mwaka mwingine.

Alama zangu basi, kwa kumi. Tannat ya Garzón 9, lakini kwa masharti ya masaa mawili kwenye jagi, bila hayo ni 6. Catena Malbec 8.5, hii haina masharti, fungua unywe. Terrunyo 8.5 na rafiki yetu atanilaumu kwa hiyo nusu. Antiguas Reservas naipa 8 ya muda, nimeinunua nyingine nimeilaza mahali penye giza na sitaigusa kabla ya miaka mitano. Malbec ya chupa ya dhahabu 5, na ile Carmenère ya kijani 4.

Dada ameshaniuliza mara mbili kama ile Tannat imebaki nyingine. Ipo moja, na safari hii itafunguliwa saa kumi na moja jioni ili saa moja iwe tayari.